165 ipi?

Massey Ferguson 290 haina nguvu ya farasi 290. Naanza na hili kwa sababu nimelisikia hata kwa watu wenye digrii zao, tena wakilisema kwa kujiamini kabisa. Farasi wake hawafiki hata 100. Ile namba ya kwenye boneti ni jina tu, kama wewe unavyoitwa Juma. Mwishoni mwa 1964 kampuni ya Massey Ferguson ilitoa matrekta mapya ya 135 na 165. Walichofanya ni kuchukua 35 na 65 zilizokuwepo tayari, wakatanguliza 1 mbele. Basi. Yaani mtoto kapewa jina la babu.

Injini iliyomo ndani ina jina lake jingine kabisa, na hilo ndilo lililomtoa jasho mjomba wangu.

Mjomba yuko Bariadi. Kwa ambao hawajafika, Bariadi ndiyo makao makuu ya mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, nchi ya pamba na ng'ombe. Wengi kule bado wanalima kwa plau la ng'ombe, na wala sioni aibu yoyote katika hilo. Mwenye trekta anakuwa mtu mkubwa kwa miezi miwili ya mwaka. Pamba inapandwa kuanzia katikati ya Novemba, mvua zikishalainisha ardhi, na kila mtu anataka shamba lake lilimwe wiki hiyo hiyo. Hapo mjomba anaamkiwa hata na watu aliokosana nao. Trekta lake ni 165 kuukuu, limenizidi umri kwa mbali, na wekundu wake umebaki kwenye mikunjo ya bati tu.

Basi bwana, mwaka mmoja mwezi wa kumi injini ikaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Fundi akaifungua, akasema pistoni zimekwisha. Mjomba akapanda basi kupitia Lamadi hadi Mwanza, akaingia duka la spea, akaomba pistoni za 165. Muuzaji hakuuliza swali. Akampa nne, mpya, zimefungwa vizuri kwenye makaratasi. Kurudi Bariadi, fundi akaweka pistoni ya zamani na mpya juu ya gunia moja. Hata mtoto angeona. Ile mpya ilikuwa nyembamba kwa milimita 7.

Muuzaji hakumdanganya, na hapo ndipo panaponiuma. Zilikuwa pistoni za 165 kweli. Tatizo ni kwamba 165 za mwanzo, hadi 1968, zilifungwa injini ya Perkins inayoitwa 4.203. Baada ya hapo wakaweka 4.212. Boneti ile ile, rangi ile ile, vibandiko vile vile.

Sasa nisikilize, hesabu hii siyo ngumu. Perkins ni Waingereza wa Peterborough, walianza 1932, na Massey Ferguson waliwanunua 1959. Injini zao waliziita hivi: tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, halafu nukta, halafu ujazo wa silinda zote kwa inchi za ujazo. 3.152 ni silinda tatu, inchi za ujazo 152, kama lita 2 na nusu hivi. Ndiyo iliyomo kwenye 135. Usiniamini mimi, chukua kalamu. Kipenyo cha silinda yake ni inchi 3.6. Nusu yake ni 1.8. Zidisha 1.8 kwa 1.8, kisha kwa 3.14, kisha kwa inchi 5 ambazo pistoni inapanda na kushuka, kisha kwa silinda 3. Inakuja 152 na pointi kidogo. Zidisha kwa 4 badala ya 3 inakuja 203. Kumbe 4.203 ni 3.152 iliyoongezewa silinda moja!

Ile 4.212 ni mtoto wa ukoo mwingine. Kipenyo chake ni inchi 3.875, ila pistoni inatembea inchi 4.5 tu. Rudisha mwendo kuwa inchi 5 unapata 4.236. Panua kipenyo kidogo hadi 3.975 unapata 4.248, ambayo ndiyo ya 290. Kwa hiyo 203 na 212 zinaonekana majirani, zimepishana 9 tu, lakini pistoni zake hazijuani. Halafu 212 na 236 zinazoonekana kuwa mbali zina kipenyo kimoja. Ukienda dukani kwa kukisia umekwisha.

Herufi za mbele nazo zina maana. A ni injini ya kilimo, D ni ile ambayo dizeli inapulizwa moja kwa moja kwenye silinda, T ina tabo. AD3.152 sasa unaisoma mwenyewe.

Yote haya nilifundishwa na fundi wa mjomba, mtu wa darasa la saba, akiwa amechuchumaa anakwangua matope ubavuni mwa bloku kwa bisibisi. Namba ikatokea, imeanza na 212. "Mjomba wako alitaja jina la shati," akaniambia. "Hakutaja la mwenye shati." Injini za kuanzia 1974 zina mtindo mwingine: herufi mbili za ukoo (CE kwa 3.152, LD kwa 4.236), U kama imeundwa Uingereza, na herufi ya mwisho ni mwaka. A ni 1974, B ni 1975, inaendelea hivyo. Ukiuziwa trekta "la themanini na kitu" na herufi ni B, punguza bei au ondoka. Simpson wa Chennai, waliounda Perkins kwa leseni huko India, baadaye walihamia kwenye lita. S325 ni silinda 3, lita 2.5. Lugha ile ile, lafudhi tofauti.

Maonesho ya Nane Nane kitaifa yalifanyika Nyakabindi, hapo hapo Bariadi, 2018 hadi 2020. Matrekta yanayong'aa, hotuba za idadi ya matrekta na za bei. Mimi ningeomba pia kila mnunuzi aandikiwe jina la injini kwenye karatasi, kwa Kiswahili, pamoja na kipenyo cha pistoni.

Dukani waligoma kuzipokea, mali ikishauzwa hairudishwi. Pistoni sahihi zilipatikana mwezi wa kumi na mbili ukiwa unaishia, wateja wameshalima kwa ng'ombe, na mjomba mwenyewe shamba lake alilimiwa na jirani kwa malipo. Zile nne bado ziko juu ya kabati, kwenye makaratasi yake. Mwenye 165 ya kabla ya 1968, akwangue kwanza bloku lake. Kama inaanza na 203, aniandikie, bei tutaelewana.