Mwezi Walimu Wetu Walipopigana

Habari za vita vya Asia zilitufikia kusini mapema kuliko lami. Nilipokuwa mdogo Ruangwa ilikuwa bado chini ya Wilaya ya Nachingwea, na kule Nachingwea, kwenye ardhi ya mradi wa karanga ambao Waingereza waliutelekeza mwaka 1951, FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao, Farm 17. Tulijua wapo na tulijua wanavuka Ruvuma kwenda kumpiga Mreno. Ya ndani hayakuulizwa.

Baadhi ya walimu wa kambi ile walikuwa Wachina. Siku tulipopeleka mihogo nilimwona mmoja kachuchumaa mchangani, kijiti mkononi, anachora mto na vilima, mkalimani akigeuza maneno yake. Vijana wa Msumbiji wamemzunguka, hakuna anayekohoa. Nao walipotaka kututia moyo walitutajia Vietnam, nchi ya wakulima wa mpunga iliyomshinda Mfaransa Dien Bien Phu mwaka 1954 na sasa inamtoa jasho Mmarekani. Saigon ilipoanguka Aprili 30, 1975, na Msumbiji ikapata uhuru Juni 25 mwaka huohuo, sisi tuliona ni ushindi wa ukoo mmoja.

Nikaingia jeshini. Mwishoni mwa 1978 Idi Amin akaivamia Kagera, na Februari 1979 nilikuwa ndani ya Uganda, tunasogea kuelekea Masaka. SMG niliyobeba ilitengenezwa China. Koplo wetu alikuwa na redio ndogo. Betri zikichoka tulizianika juani zipate nguvu kidogo, jioni tukasikiliza.

Ndipo tuliposikia kwamba Februari 17 China imeingia Vietnam. Radio Peking, kwa Kiswahili, ikasema Vietnam ndiyo mchokozi, inastahili adabu. Ukizungusha kidogo unaipata Moscow, kwa Kiswahili hichohicho, inalaani uvamizi wa Wachina. Sajenti mmoja aliyefunzwa na Wachina akanyoosha mkono akaizima. "Vita vya panzi, furaha ya kunguru," akasema, akaenda zake.

Sisi tukabaki tunabishana. Vietnam nayo ilikuwa imeingia Kambodia mwezi Desemba, na Januari 7 ikamng'oa mtawala wa huko, Pol Pot, pale Phnom Penh. China ikasema inaiadhibu kwa hilo na kwa chokochoko za mpakani. Mwenzetu mmoja, mtu wa Masasi, akauliza: "Sasa sisi hapa ni Vietnam au ni China?" Maana tulikuwa tumeshavuka mpaka, tunamwadhibu mchokozi, na kila mmoja alihisi hatutaishia kumwadhibu tu. Afande akatuamuru tusafishe silaha.

Wachina walimaliza kuondoka Machi 16, hawakufikisha hata mwezi. Kampala ilikuwa mikononi mwetu Aprili 11, lakini jeshi letu liliondoka Uganda mwaka 1981. Wavietnam walikaa Kambodia mpaka 1989. Amin alikuwa muuaji, Pol Pot alikuwa muuaji zaidi, na sioni aibu kwamba tulimwondoa wa kwetu. Ila niliporudi nyumbani nikakuta sabuni na sukari ni za kupanga foleni, na shangazi yangu akaniuliza, bila ubaya, kama vita si vilikwisha tangu ule mwaka wa Kampala. Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu hata sisi kule hakuna aliyetuambia mapema tunatoka lini.

Siku hizi vijana wa korosho na ufuta hunikuta kijiweni na simu zao, wananisomea habari za Taiwan na za mpaka wa China na India. "Babu, nani atashinda?" Wanataka nihesabu manowari na ndege. Mimi nawauliza atakayeingia ana mpango gani wa kutoka. Wakinijibu kwamba hilo halijaandikwa, nawaambia basi hata huyo anayejiona mshindi bado hajajua bei.