Fundi wa Mau asiye na nyundo

Msafiri atokaye Nairobi kupitia Narok huvuka mto Amala mjini Mulot kabla ya kufika Bomet. Karibu na Bomet, mto Nyangores nao huporomoka kwa kishindo pale Tenwek. Mito hii miwili hutoka katika msitu wa Mau, na inapokutana ndipo mto Mara huzaliwa.

Wengi hufunga safari kwenda Mara kutazama nyumbu. Lakini anayepanda hadi vijito vya msituni atakuta kiumbe mwingine wa kustaajabisha. Chota majani yaliyozama katika maji hayo baridi, uyatandaze kiganjani, kisha subiri. Kijiti kimoja chaweza kuanza kutembea!

Huyo ni buu wa jamii iitwayo Lepidostomatidae, wadudu walio na undugu na nondo na vipepeo. Hutoa mdomoni uzi wa hariri ambao hunata hata ndani ya maji. Angali mdogo, huunganisha chembe za mchanga. Akikua, wengi wa jamii hii hukata vipande vya majani na kujenga kijumba cha pande nne, mithili ya kisanduku. Kikimbana, hukirefusha upande wa kichwani. Humo ndani hutikisa tumbo ili maji yapite na kumpatia hewa. Hatimaye hukifunga, ageuke umbo, na kutoka akiwa na mabawa ya kahawia yenye vinyweleo.

Je, ana faida gani? Hula majani yaliyolainishwa na kuvu. Makombo na kinyesi chake huchukuliwa na maji kuwalisha wadudu wengine, nao huliwa na samaki. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, bila miti hana chakula wala nyumba. Mwaka wa 2001 serikali iliondoa makumi ya maelfu ya hekta za Mau kwenye hifadhi. Palipofyekwa hadi ukingoni, majani hayaanguki mtoni, na mvua huleta matope. Watafiti waliochunguza vijito vya nyanda hizo walikuta aina nyingi zaidi za walaji wa majani penye msitu kuliko palipolimwa.

Wazazi na wanafunzi watakaozuru huko wamtazame fundi huyu, kisha wamrudishe majini. Naye mwenye shamba kando ya mto aiache miti ya kiasili isimame ukingoni.