Ami Anataka Kununua Chopa

Mtu wa Lamu akisema anataka kununua chopa, watu hucheka. Mgeni mwenye nyumba Shela akisema hivyo, hakuna anayecheka. Mwanasiasa akishuka nayo kwenye kiwanja cha shule, vumbi likatuingia machoni na mabuibui yakapeperuka, tunakimbilia kupiga selfi. Chopa angani kwetu ni ya mtalii, ya jeshi au ya kampeni. Ikiwa ya mtoto wa mtaani, basi huyo amechanganyikiwa. Hicho kicheko kiliniudhi kabla sijajua bei ya chopa hata moja.

Sasa habari yenyewe. Ami yangu, kakake babangu, ana boti mbili na biashara ya mawe ya kujengea, yale yanayochongwa Manda. Ana washirika wawili. Mmoja ni wa Kililana, shamba lake lilichukuliwa kwa ajili ya bandari ya LAPSSET akalipwa fidia. Hawa wazee watatu walikaa barazani baada ya Isha wakaamua wataulizia chopa. Mimi ndiye mwenye laptopu kwenye ukoo, kwa hivyo nikaitwa. "Ndoo hapa mwanangu. Wewe kazi yako ni intaneti. Tuangalilie hii kitu ni pesa ngapi, na inaendeshwaje. Lakini usituwekee kwenye video."

Kwenye video sijaweka. Kuandika aliniruhusu, mradi nisitaje majina.

Mjini kwetu barabara ya gari haipiti kwenye vichochoro. Mzigo ni punda, safari ni boti. Kwa hiyo utani ulijiandika wenyewe: Ami ameruka kutoka punda hadi chopa bila kupitia Probox. Nami nilikuwa nacheka kidogo. Nikaacha nilipokumbuka kwa nini anaitaka.

Binti yake, dadangu wa ukoo, aliolewa Siyu. Anayeijua Siyu anajua kwamba mji uko ndani, unaingia kwa mkono wa bahari uliobanwa na mikoko, na boti hupita maji yakijaa tu. Maji yakikupwa ni matope. Uchungu ulimshika usiku, maji yamekwenda. Walimpakia kwenye boti wakitegemea watawahi, ikakaa kwenye matope. Walingoja bahari irudi. Walifika hospitali Lamu asubuhi. Yeye alipona, mtoto hakuishi. Ami hajawahi kulizungumza hilo mbele yangu, ila siku ile barazani alisema neno moja tu: "Chopa haingoji maji."

Na kweli haingoji. Kutoka Manda hadi Siyu kwa mstari wa moja kwa moja ni kama kilomita 23. Chopa ndogo inakwenda karibu kilomita 200 kwa saa. Hesabu mwenyewe, hata dakika kumi hazifiki. Mtu akikuonyesha hesabu hiyo, na wewe unajua lile tope, utacheka nini?

Nikaingia kazini. Chopa ambayo watu binafsi wengi huanza nayo ni Robinson R44, inatengenezwa Marekani, ina viti vinne pamoja na cha rubani. Mpya inazidi dola nusu milioni, yaani zaidi ya shilingi milioni 60 za Kenya. Bei hiyo haikuwashtua wazee kama nilivyodhani. Mzee wa Kililana aliuliza, "Ya mtumba je?" Swali zuri sana, na ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Manake R44 ina umri wake. Kiwanda kinasema ikifika saa 2,200 za kuruka, au miaka 12, lolote litakalotangulia, ifumuliwe yote: injini, panga, giaboksi, vipuri vingi vibadilishwe. Kazi hiyo inakula sehemu kubwa ya bei ya chopa yenyewe. Na angalia hapo: miaka 12 hata kama ilikuwa imeegeshwa tu. Kwa hivyo ile ya mtumba unayoiona mtandaoni kwa bei ya kushangaza, mara nyingi ni rahisi kwa sababu miaka yake inaisha. Unanunua deni.

Niliposoma haya kwa sauti Ami akanikatiza. Jahazi la babu yake lilikalafatiwa, likapakwa sifa, likabadilishwa mbao moja moja, likafanya kazi mpaka wajukuu wakalipanda. "Chombo cha milioni sitini kinakufa na miaka kumi na miwili, nacho kimelala?" Nikamwambia hakifi, kinadai. Akasema hiyo ni mbaya zaidi.

Kisha mafuta. Haichomi petroli ya boti wala yale mafuta ya ndege kubwa. Inataka petroli maalumu ya ndege ndogo, avgas, karibu lita 57 kila saa. Kisha ukaguzi kila saa 100, kwa fundi mwenye leseni, na mafundi wamejaa Wilson, Nairobi. Kutoka Manda hadi Wilson ni kama kilomita 460, na tangi likijaa R44 inafika takriban 550. Kwa hiyo kwenda tu gereji ni saa mbili na zaidi, kurudi vivyo hivyo, na pepo za mbele zikikaza utatafuta mahali pa kutua uongeze mafuta. Saa kama tano kati ya kila mia zinaliwa na safari ya fundi. Bado bima, bado rubani.

Lakini kilichonifurahisha, kama kufurahisha ndilo neno, ni chumvi. Hewa ya bahari inakula chuma, kila mwenye baiskeli hapa anajua. Chopa inayokaa pwani hutakiwa banda la kufungwa na kuoshwa mara kwa mara kwa maji matamu. Uwanja wa ndege uko Manda. Na Manda, jamani, ndiko Takwa, mji uliohamwa karne zilizopita, na inaaminika kukosa maji matamu ni mojawapo ya sababu. Maji ya Lamu yenyewe yanatoka visima vya chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na tunalalamika kila siku kwamba vilima vinajengwa. Piga picha: punda anabeba mitungi mpaka gatini, boti inavusha mitungi Manda, watu wanaosha chopa. Ami alicheka mpaka akatoa kofia. Mara ya kwanza kumuona akicheka kwenye mjadala huu.

Mamangu kwa upande wake hakutaka kusikia bei. Alisema Saitoti alikuwa waziri, akafa kwenye chopa Ngong mwaka 2012. Jenerali Ogolla alikuwa mkuu wa majeshi, akafa kwenye chopa Elgeyo Marakwet Aprili 2024. "Hao walikuwa na serikali nzima. Nyinyi mna nini?" Nilitaka kumweleza kwamba hata boti zinaua, na kwetu tumezika wengi wa boti. Nikanyamaza. Kuna mjadala na mama mtu hushinda akapoteza.

Sasa sheria, na hapa ndipo naomba vijana wenzangu wanaoota ndoto hii wasome polepole. Mpango wa wazee ulikuwa hivi: chopa ipeleke watalii Kiwayu kwa malipo, faida ilipie wagonjwa wa Pate waende bure. Mpango wa watu wema. Lakini chopa iliyosajiliwa ya binafsi hairuhusiwi kubeba abiria wa kulipa. Ukitaka kulipisha, unaomba leseni ya huduma za anga na cheti cha mwendeshaji kutoka mamlaka ya anga, KCAA, uwe na mameneja, vitabu vya taratibu, rubani mwenye leseni ya biashara. Hiyo ni kampuni ya ndege. Mimi mwenyewe nikitaka kurusha droni ya kupiga picha za regata, kidude kinachoingia kwenye mkoba, sheria za 2020 zinanitaka niisajili. Tena huku kwetu, karibu na mpaka wa Somalia, anga ina macho mengi. Baada ya watalii kutekwa mwaka 2011, wavuvi walikatazwa bahari ya usiku kwa miaka. Usidhani angani watakuachia tu.

Nikabaki na swali moja ambalo sikutaka kulijibu. Je, tuseme pesa ipo, vibali vipo, maji ya kuoshea yapo. Ule usiku wa Siyu, ingesaidia?

R44 imeidhinishwa kwa rubani anayeona anakokwenda, haipaswi kuingia mawinguni. Usiku rubani anataka kibali cha ziada cha kuruka gizani, na chini yake ni bahari nyeusi na mikoko isiyo na taa hata moja. Ndani ni viti vinne vya kukaa. Hakuna pa kumlaza mama mwenye uchungu, hakuna pa mkunga kupiga magoti. Chopa za wagonjwa ni kubwa zaidi, na bei yake wazee wangu watatu hawaifikii hata wakiuza na nyumba.

Nilimwambia Ami hivyo hivyo. Nilimwambia pia, kama wanaitaka kwa raha, kwa jina, ili siku moja chopa ya mtu wa Lamu itue Manda na sisi tupige selfi, mimi siwacheki na nitakuwa wa kwanza kupanda. Pesa ni yao. Lakini wasiiandike kwa jina la mgonjwa. Kwa mgonjwa wa Siyu, ninavyoona mimi, kuna kitu cha bei ndogo mno: boti ya mwendo kasi ilale Mtangawanda, kwenye kina, ambako maji hayakuachi kwenye tope, pikipiki ya kubebea mgonjwa iwe Siyu, imlete kwa nchi kavu, na nahodha alipwe mshahara wa kulala pale, hata mwezi mzima ukipita hajaitwa. Hilo la mwisho ndilo gumu, manake boti watu hununua. Mbunge hununua, mfadhili hununua, picha zinapigwa, na kabla mwaka haujaisha boti haina mafuta.

Mzee wa Kililana hakupendezwa. Kwake boti ni boti, kila mtu anayo, hakuna wa kuinua kichwa kuitazama. Kwa hivyo wamegawanyika, na Ijumaa baada ya sala wanakaa tena.

Ami ameniambia nilete hesabu ya boti pia, ya mashine mbili, mafuta ya mwaka na mshahara. Nimeifanya. Hata robo ya bei ya chopa haifiki. Jana alipitia karatasi ile polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari, akasimama kwenye mshahara wa nahodha.

"Mwaka wa kwanza tutalipa sisi," akasema. "Wa tano nani?"