Beki Asiyekaa Nyuma

Mpenzi msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna kijana wa sekondari, bila shaka umewahi kumwona Ijumaa jioni ameinamia simu, uso ameukunja kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Usimdhanie vibaya. Huenda hachezi kamari wala haandikiani na mtu asiyemjua. Huenda ni kocha. Ana pauni milioni 100 za kubuni mfukoni, na anatafuta beki.

Mimi mwenyewe ni kocha wa aina hiyo, na nimekwisha kupita miaka hamsini. Kazi yangu ni uwakala wa forodha pale Malaba, mahali ambapo trela za kutoka Mombasa hujipanga foleni zikisubiri kuingia Uganda. Nyumba yangu iko Busia, mji ulioipa dunia neno bodaboda kutokana na wale vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Kila asubuhi napanda matatu, napita Alupe, na kabla chai haijapoa niko ofisini. Katika kundi letu la Fantasy tuko kumi: mawakala wanne, wabadilishaji fedha wawili, madereva watatu wa masafa marefu ambao hupanga vikosi vyao wakiwa njiani, na mama mmoja auzaye chapati, ambaye ametushinda wote miaka miwili mfululizo na hatuachi kusikia habari hiyo. Kila mtu hutoa shilingi 500 mwezi Agosti. Mwezi Mei mshindi hununua kuku, kinachobaki ni chake.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, nitaeleza kwa ufupi. Unachagua wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya Uingereza, wasizidi watatu kutoka klabu moja. Kila wiki yale wanayoyafanya uwanjani hugeuzwa kuwa alama. Mshambuliaji akifunga bao hupata 4, kiungo 5, beki 6. Pasi iliyozaa bao ni alama 3 kwa yeyote. Timu isipofungwa, beki aliyecheza dakika 60 au zaidi hupewa 4, ilhali mshambuliaji hapewi kitu. Wakifungwa mabao mawili, beki hukatwa alama moja. Sasa piga hesabu mwenyewe uone kwa nini makocha wa simu huota usiku juu ya beki anayepanda mbele. Mtu huyo anakula meza mbili kwa wakati mmoja. Na akiwa kijana ambaye bado hajajulikana, bei yake ni ya karanga.

Mfano ambao kila mtu Malaba huutaja ni Trent Alexander-Arnold. Kijana huyu alizaliwa Liverpool mwaka 1998, akalelewa katika klabu ya mji wake, na kabla ya kuwekwa beki ya kulia alikuwa akicheza sana kiungo. Ndiyo sababu mguu wake ulijua kupiga krosi kuliko kukaba. Msimu wa 2017/18 bei yake ilianza milioni 4.5, bei ya mtu wa kujazia benchi. Nilimnunua. Kisha tarehe 10 Machi 2018 Liverpool wakaenda Old Trafford, na Marcus Rashford akamfanya mtoto wa watu alivyotaka. Mabao mawili, yote kutoka upande wake, Manchester United wakashinda 2-1. Kibandani pale Malaba watu walimcheka yule kijana hadi chai ikamwagika. Usiku ule ule nilimuuza.

Wiki chache baadaye, Aprili, alisimama mbele ya Leroy Sane wa Manchester City katika Ligi ya Mabingwa na Sane hakupata njia. Mei akaanza katika fainali, akiwa na umri wa miaka 19. Msimu wa 2018/19 pasi zake zilizaa mabao 12 ya ligi. Msimu wa 2019/20 zikazaa 13, mwenyewe akafunga 4, akavuna alama 210, na kufikia hapo alikuwa amepanda hadi milioni 7. Mimi nilikuja kumnunua kwa bei hiyo ya juu, kama mtu aliyeuza shamba kisha akarudi kupanga chumba ndani yake. Na hata raha hiyo haikudumu, kwani Machi 2020 korona ilisimamisha ligi hadi Juni. Sisi tukabaki kuhesabu trela, ambazo foleni yake miezi ile, madereva wakingoja majibu ya vipimo, ilikuwa haina mwisho.

(Ile kona ya haraka aliyowapigia Barcelona tarehe 7 Mei 2019 sitaisimulia kirefu, ila tu nikukumbushe kwamba aliyeutia mpira wavuni ni Divock Origi, ambaye baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars. Usiku ule Busia nzima ilikuwa shemeji wa Liverpool.)

Nimekusimulia hayo, mpenzi msomaji, ili uelewe jambo nililolifanya mwaka 2025, ambalo sijalisema hadharani mpaka leo.

Kitinda mimba wangu ni msichana. Amerithi jina la mama yangu mzazi, kwa hivyo humwita Mama. Wakati ule alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, na alicheza beki ya kushoto. Lakini beki gani huyo! Mpira ukianza tu, utamkuta kwenye kibendera cha kona ya wapinzani akipiga krosi. Tangu Oktoba 2024, wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walipokwenda Jamhuri ya Dominika wakawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la kandanda, na kuwafunga Mexico 2-1, yeye hakusikia tena la mwadhini wala la kengele. Alikuwa amejua anakotaka kufika.

Mwezi wa Juni 2025 nilikwenda kumtazama wakicheza mashindano ya shule. Nilisimama chini ya mwembe pamoja na wazazi wengine. Zilikuwa zimebaki dakika chache, hakuna aliyefunga, na Mama alipanda kama kawaida yake. Krosi ikadakwa. Kipa akaurusha mpira haraka kwa winga wao, katoto kembamba ka mbio, kakapita mahali palipokuwa patupu kabisa. Bao. Tukatolewa.

"Beki wa kushoto yuko wapi?" mtu mmoja alipiga kelele nyuma yangu, na wengine wakadakia. Sikugeuka. Sikusema kwamba ni mwanangu. Njiani kurudi, akina mama wawili waliopakiwa pikipiki iliyokuwa mbele yetu walikuwa bado wanamsema, tena kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika katika ukurasa wa familia.

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu mwalimu wa michezo. Nilimwomba amhamishe beki ya kati, au ampumzishe kabisa, ajishughulishe na vitabu. Mwalimu aliniheshimu kama mzazi. Mechi mbili za kirafiki zilizobaki muhula ule, Mama alikaa benchi. Mimi sikumwambia neno.

Likizo ya Agosti ikaja. Msimu mpya wa Fantasy ulikuwa unafungwa Ijumaa tarehe 15, saa mbili na nusu usiku saa zetu. Tukaketi sebuleni, mimi na yeye na simu katikati, kama tufanyavyo kila mwaka. Nilikuwa na mtu wangu tayari: Myles Lewis-Skelly wa Arsenal. Kijana wa miaka 18, kiungo aliyegeuzwa beki wa kushoto, historia ile ile ya Trent ila mguu mwingine. Februari alikuwa amewafunga Manchester City katika ule ushindi wa 5-1. Machi akavaa jezi ya Uingereza mara ya kwanza dhidi ya Albania, akafunga, akawa mchezaji mdogo kuliko wote kufunga katika mechi yake ya kwanza ya timu hiyo ya taifa. Nani asingemtaka?

"Baba, huyo usimchukue," Mama alisema.

"Kwa nini, Mama? Si ni beki mwenye miguu kama yako?"

Akanihesabia kwa vidole. Kwanza, Arsenal wana Riccardo Calafiori nafasi ile ile, na sasa amepona. Beki asiyeanza mechi hana alama hata angekuwa malaika. Tena mbaya zaidi ni anayeingizwa dakika za mwisho: anakuletea alama moja, na hiyo moja inamzuia yule wa benchi yako kuingia badala yake. Pili, Lewis-Skelly hapigi kona wala mipira ya adhabu. Trent alikuwa akipiga. Tatu, akiwa na mpira yeye huingia katikati kusaidia viungo, haendi pembeni kupiga krosi, kwa hivyo anapendeza macho kuliko anavyopendeza jedwali. Nne, sheria imebadilika. Kuanzia msimu wa 2025/26 beki akifikisha jumla ya mara kumi za kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kunyang'anya mpira katika mechi moja, anapata alama 2.

"Mwaka huu hata wanaobaki nyuma wanalipwa," alimaliza, na akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa vizuri.

Nilimnunua kijana hivyo hivyo. Mzee ni mzee.

Jumapili Arsenal walicheza Old Trafford. Lewis-Skelly alianzia benchi. Calafiori alianza, na katika kipindi cha kwanza kona ikapigwa, akafunga kwa kichwa, na mchezo ukaisha 1-0. Piga hesabu: bao 6, kutofungwa 4, kucheza 2. Kumi na mbili, kabla ya nyongeza. Mama mchapati alikuwa naye. Juma lililofuata Arsenal wakawafunga Leeds 5-0, na kijana wangu hakuanza tena.

Jioni ya kuamkia siku ya kurudi shuleni, Mama alikuwa akipanga sanduku lake. Nilimwambia nadhani nitaendelea kumshika Lewis-Skelly, maana niliwahi kumuuza Trent mapema na nilijuta. Hakuinua kichwa.

"Muuze, Baba. Hachezi."

"Kijana mdogo huvumiliwa, Mama."

"Huyo hajui kama umemnunua, na hatajua ukimuuza," alisema. Alikunja soksi za mpira, akaziweka juu ya daftari. "Mimi nilijua."

Msomaji, nilinyamaza. Nje pikipiki zilikuwa zikipiga honi kuelekea mpakani. Nilitaka kumuuliza ni nani aliyemwambia, kama kwamba hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Hatimaye niliuliza kitu kingine: siku ile alipopanda, aliona kwamba nyuma yake hakuna mtu?

Alichukua vibao vya domino mezani akanipangia. Huyu yeye, huyu kiungo wa kushoto, huyu winga wao. Beki akipanda, akasema, kiungo anashuka kuziba. Ndivyo walivyofundishwa, ndivyo walivyofanya mechi zote zilizotangulia, na katika mechi hizo krosi zake zilizaa mabao manne. Siku ile kiungo alikuwa ameumia kifundo cha mguu, hakuweza kukimbia, na hakuna aliyemwona. "Nilipaswa kuangalia kabla sijaenda," alisema. "Hilo ni kosa langu. Lakini kupanda si kosa, Baba. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa."

Nilikumbuka nilivyosimama chini ya mwembe, macho yangu yakifuata mpira tu. Miaka yote ile ya kucheza Fantasy, sikuwahi kumtazama kiungo wa kushoto.

Asubuhi alfajiri nilimpeleka stendi. Nilimpa pesa za matumizi, akashukuru, akapanda gari. Hatukurudia mazungumzo yale.

Jumamosi tarehe 30 Agosti nilikuwa Malaba. Siku hiyo vikosi vilikuwa vinafungwa saa saba mchana. Ofisini kulikuwa na dereva mmoja wa ngano ambaye makaratasi yake yalikuwa na kasoro, na alikuwa akinilaumu mimi kwa kasoro hiyo. Saa saba kasoro dakika kumi niliomba radhi, nikatoka nje hadi kwenye kivuli cha trela yake. Nilimuuza Lewis-Skelly. Nilimchukua Calafiori. Kesho yake, ikiwa unataka kujua, Arsenal walifungwa 1-0 na Liverpool, na alama za kutofungwa zikayeyuka.

Lakini hiyo ilikuwa Jumapili. Jumamosi ile, simu ikiwa bado mkononi, nilimpigia mwalimu wa michezo. Nilimwambia kwamba yale niliyomwomba mwezi wa Juni ayafute. Akauliza, basi amchezeshe wapi?

"Beki ya kushoto," nilisema. "Na umwangalie yule kiungo wake kifundo cha mguu."