Bei ya Kuchaji

Nilipoanza kazi ya kuchaji betri, Butembo, huku mashariki mwa Kongo, ulikuwa mji mkubwa usio na umeme wa umma. Kila mwenye duka, kanisa au baa alijitafutia: jenereta kwa aliyejiweza, koroboi kwa wengine. Mimi nilianzia kwenye kinu cha unga hapa Mususa. Injini ya dizeli ilisaga mihogo na mahindi mchana kutwa, na mwenye kinu, mzee asiyependa kuona mkanda ukizunguka bure, alikuwa amefunga alternata ya lori ubavuni mwa injini. Watu wakaanza kuja na betri pamoja na mihogo. Mwaka ulikuwa 2002. Nchi ilikuwa imekatwa vipande na vita, Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, ilikuwa imeanza kusikika mwaka huohuo, na kila mtu alitaka kujua mazungumzo ya amani yamefikia wapi.

Bei ya mzee ilikuwa moja: unalipia betri, iwe imebaki nusu au imekwisha kabisa. Hakuna aliyeona ubaya wake. Lakini fikiria mama mwenye makuta machache mkononi. Alete betri ikiwa bado ina nusu, alipe bei nzima? Hawezi. Atangoja mpaka redio inyamaze na taa igeuke nyekundu, halafu ataiacha uvunguni siku kadhaa akitafuta pesa. Betri ya risasi na asidi haifi haraka kwa kutumiwa, inakufa haraka kwa kuachwa tupu. Asidi ikishaisha nguvu, bamba zote mbili zinafunikwa na salfeti ya risasi. Ukichaji upesi, salfeti inayeyuka na kurudi ilikotoka. Ukichelewa inaganda kuwa ukoko mgumu, na hapo hata dizeli ya pipa zima haiondoi. Nilikuwa naona betri za mwaka mmoja zikitupwa, watu wakilaumu Wachina waliozitengeneza. Kumbe zilikuwa zinauawa na bei.

Haya sikuyajua pale kinuni. Niliyajua Kampala. Nilivuka mpaka wa Uganda pale Kasindi kama vijana wengi wa kwetu, na badala ya kuuza nguo nikapata kazi kwenye karakana ya klabu moja ya gofu. Sijawahi kupiga mpira wa gofu, wala sikuelewa raha yake. Ila vigari vyao vilinifundisha kazi. Chini ya kiti kimoja kuna betri sita za volti 8, au nane za volti 6, chanya ya moja inafungwa kwenye hasi ya inayofuata, mpaka zifike volti 48. Hizi si betri za kuwashia injini. Bamba zake ni nene, zimeundwa kutoa nguvu polepole kwa saa nyingi na kurudishiwa usiku. Na usiku zilirudishiwa kweli: kigari kimeingia, hata kama kimezunguka mashimo tisa tu, kinachomekwa. Msimamizi wetu, Mganda mwenye sauti ya chini, hakukubali kigari kilale na njaa. Betri zile zilikuwa zinapita miaka mitano zikifanya kazi kila siku.

Pale nilijifunza pia kuvua saa na pete kabla ya kugusa, kuzungushia spana utepe hadi shingoni, kumimina asidi ndani ya maji na kamwe si maji ndani ya asidi, na kufungua madirisha wakati wa kuchaji, kwa sababu betri inayochemka inatoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa cheche moja inatosha. Nati iliyolegea nayo ina hatari yake: waya unapata moto na kichwa cha risasi kinayeyuka kikimwagika kama nta.

Nilirudi Mususa na haidromita yangu, kifaa cha kupima uzito wa asidi, nikafungua kibanda. Haikupita muda mrefu wakaniita kwenye kituo kimoja cha afya. Walikuwa na paneli nzuri juu ya bati na betri nane za volti 6, za aina ileile ya gofu. Wafanyabiashara wetu huzileta kwa ajili ya sola. Inveta ilikuwa inazima kabla ya usiku wa manane, na walishaambiwa wanunue nane mpya. Nikapima seli zote 24. Betri sita zilisoma karibu 1.250. Mbili za mwisho zilisoma 1.110, zimekufa njaa kabisa. Nikafuata nyaya kwa mkono hadi nyuma ya kabati, nikakuta waya mwembamba umetolewa kwenye zile mbili tu: volti 12 za redio na chaja za simu. Kosa hili nililiona Kampala, mtu akitaka taa au honi kwenye kigari anaiba volti 12 kutoka betri mbili za kwanza. Betri zote zinapokea kurenti ileile kwenye kuchaji, lakini mbili zinatoa zaidi, kwa hiyo kila siku zinabaki nyuma kidogo. Chaja inaona jumla ya volti 48 na kuridhika. Nilikata ule waya, nikaweka kipunguza volti kinachochota kwenye nane zote, nikachaji zile mbili peke yake polepole. Moja ilirudi. Nyingine haikurudi, tukatafuta mwenzake aliyetumika, kwa kuwa betri mpya ikiwekwa kati ya wazee inazeeka nao haraka.

Jambo jingine la huku kwetu: Butembo iko karibu kabisa na ikweta, ila juu, kwenye mita 1,700 na zaidi, na usiku kuna baridi. Vifaa vingi vya kuchaji vimepangwa kwa joto la nyuzi 25. Benki ya volti 48 ikiwa kwenye nyuzi 15 inataka zaidi ya volti moja ya nyongeza, la sivyo haijai hata jua liwake namna gani.

Kibandani nikaachana na bei moja. Niliandika kwenye ubao: inayosoma juu ya 1.200, bei ndogo, hadi 1.150, bei ya kati. Chini ya hapo, bei kamili. Kelele zikaanza.

"Papa, juu ya nini ule amelipa kidogo? Batri ni za kampuni moja."

"Mama, yake ilikuwa na moto ndani bado. Yako imekuja tupu."

"Basi unaniazibu juu ya umaskini."

Maneno yake yalikuwa na ukweli, na ubao haukuujibu. Waliokaa mitaa ya karibu walibadilika. Walileta betri mapema, na betri zao zikadumu. Lakini wa mbali wanalipia pikipiki kubeba kilo 25 au zaidi, na mwenye pikipiki hana bei ya nusu. Hao waliendelea kungoja mpaka taa izime. Wenzangu wa kazi nao walibaki na bei moja, wakachukua sehemu ya wateja wangu.

Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018, kazi ilizidi. Chanjo yenyewe ilihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Hiyo ilikuwa kazi ya mashine zisizofika kwenye kibanda kama changu. Mimi nilipigiwa simu kwa ajili ya taa za zahanati ndogo, ambako akina mama walijifungua usiku kama kawaida huku mji umejaa hofu.

Siku hizi nyaya za umeme wa maji zimefika baadhi ya mitaa, na ugonjwa wa betri umegeuka. Mtu ananunua chaja ya bei rahisi, anaiacha imechomekwa wiki nzima. Betri inakuja imekauka, bamba ziko hewani, maji yote yametoka kwa kuchemka. Wengine wanaleta betri za lithiamu zilizofungwa pande zote. Haidromita yangu haina pa kuingilia. Hizo hazijali kukaa nusu, kinyume na zile zangu za risasi, na ubao hauzihusu. Kijana aliyeleta moja juzi aliuliza yeye anaingia kwenye bei ipi. Nikafunga kipima-ampea kwenye waya wa chaja, nikamwambia aketi, tutahesabu ampea zinazoingia.