Gari la mstaafu

Baba yangu hakuwahi kuchagua gari. Alikuwa bwana kilimo mkoani Morogoro, na kwa miaka mingi alipanda Land Rover ya serikali. Alipokuja kupata la kwake, lilikuwa Peugeot 404 ya mkononi, ameuziwa na mfanyakazi mwenzake aliyekuwa anahama. Hakuuliza rangi wala umri. Miaka ile ya sabini gari liliingia nchini kupitia shirika la umma na vibali, fedha za kigeni zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na aliyepata alishukuru. Heri 404 ilikuwa na jina. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda nayo Safari Rally mwaka 1966 na 1967, na sisi watoto tuliamini hata ya baba ingeshinda, ilimradi apate matairi.

Kuwa nalo hakukumaanisha kuliendesha upendavyo. Ili nchi ibane mafuta, Jumapili ikigonga saa nane mchana magari ya watu binafsi yalitakiwa yawe yameegeshwa. Tukitoka kanisani tukapitia kwa shangazi, baba alikula wali huku jicho moja liko kwenye saa ya ukutani.

Kamba ilianza kulegezwa 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Miaka ya tisini magari yaliyotumika Japani yakamiminika, usukani upande uleule wa kwetu, spea kila kona. Mimi nikiwa mtumishi wa halmashauri nikanunua Corolla kwa mkopo. Ilinihudumia vizuri, lakini moyo haukutulia, maana kila asubuhi niliiegesha karibu na shangingi la mkurugenzi. Wakati ule gari lilikuwa ngazi: ukikaa juu zaidi ya wenzako barabarani, umefika. Nikajiahidi kwamba nikistaafu nitanunua Harrier.

Kustaafu kukaja, na kikokotoo chake. Julai 2022 mkupuo wa mafao yetu watumishi wa umma ulishuka kutoka asilimia 50 hadi 33. Bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40. Kinachobaki unakipokea kidogo kidogo kila mwezi. Nilichukua daftari, Harrier ikakaa mstari wa kwanza. Injini ikizidi CC 2000, ushuru wa bidhaa unapanda. Gari likifikisha miaka 8 tangu litengenezwe, linatozwa pia ushuru wa uchakavu. Halafu kuna mafuta, ambayo bei yake EWURA huitangaza upya kila mwezi. Kitu kimoja kilinifariji: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo gari la mstaafu linaloshinda chini ya mwembe halimdai mtu. Linalodai ni lile linalokunywa. Hadi jioni Harrier nilikuwa nimeikata.

Nikaenda kwa fundi wangu na orodha iliyobaki: CC, kilomita, gia, mwaka. Aliisoma huku akifuta mikono kwa tambara, kisha akanirudishia.

“Mzee, haya yote sawa. Mama anapandaje?”

Mke wangu ana magoti. Nilikuwa nalijua hilo miaka yote, ila sikuwa nimeliandika kwenye daftari. Wiki iliyofuata tukaenda naye yadi. Kwenye Harrier alishika mlango, akashika bega langu, akapanda kama anayepanda kitanda cha hospitali. Kwenye vigari vidogo ilikuwa kinyume: kuingia alidondoka, kutoka nikamvuta mikono miwili. Muuza magari, kijana mpole, akaacha kutusifia redio.

Ndipo tukafika kwenye Raum. Ni gari ambalo nikiwa kazini nilikuwa napishana nalo bila hata kuligeukia. Kiti chake kiko usawa wa nyonga. Upande wa abiria hakuna nguzo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, na wa nyuma unateleza. Ukiifungua yote miwili, ubavu mzima unakuwa wazi. Mke wangu aligeuka akakipa kiti mgongo, akakaa, akaingiza mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Bega langu halikuguswa. Akapiga dashibodi kwa kiganja, mara mbili, kama anayechagua tikiti sokoni, akasema, “Baba nanihii, hili.”

Lilikuwa namba D, CC 1500, rangi ya fedha iliyofifia kidogo kwenye boneti. Fundi alilipandisha kwenye shimo, akagonga bushi, akasikiliza gia zikibadilika, akatutajia shokomzoba za kubadilisha, na bei ikashuka kwa kadiri hiyo. Kijana wetu wa kwanza alipopigiwa simu alicheka: “Mzee, Raum kweli?” Alipokuja likizo, akamwona mama yake akishuka peke yake getini na kikapu mkononi, hakulirudia swali.

Jirani yangu anastaafu mwakani, na ameshaanza kuniuliza bei za Harrier. Nimemwambia bei zisubiri. Aende yadi na mkewe, amfungulie mlango, kisha asimame pembeni aangalie.