Chemirocha: Jina Lililosafiri kwa Santuri

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kutusoma tukibishana juu ya ngeli, mnyambuliko wa vitenzi na vina vya mashairi. Safari hii tunaomba ruhusa tusimulie habari ya nyimbo. Nyimbo zenyewe si za Kiswahili. Walakini tunadhani mwalimu wa Kiswahili atakuta humu jambo linalomhusu, kwa maana ni habari ya jina moja la kigeni lililoingia katika lugha ya Kiafrika, likavishwa nguo za wenyeji, kisha likarudishwa ulimwenguni likiwa limebebeshwa maana ambayo pengine wenyeji hawakuikusudia.

Sisi tunafundisha katika shule ya sekondari hapa mashariki ya Uganda, chini ya Mlima Elgon. Tumekwisha kuvuka miaka arobaini, na elimu yetu ni stashahada ya ualimu. Muziki hatukuusomea popote. Lakini kila Jumamosi jioni, pamoja na walimu wenzetu wawili watatu, huwa tunasikilizishana nyimbo za waimbaji wa jadi kutoka pande zote za dunia. Hapo zamani tulitumia kaseti zilizokwisha kuchakaa, na siku hizi tunatumia simu ya mkononi na kipaza sauti kidogo kinachotosha mezani pamoja na birika la chai. Masharti yetu ni mawili. Mleta wimbo asilete ule ambao kila mtu ameusikia redioni. Na pili, awe tayari kutueleza wimbo unasema nini. Sharti la pili ndilo linalotutoa jasho.

Madukani nyimbo za namna hii huitwa muziki wa dunia. Jina hilo lilichaguliwa mwaka 1987, katika kilabu kimoja cha pombe mjini London, na wafanyabiashara wa santuri waliotaka kupata rafu moja ya kuziweka nyimbo ambazo wauzaji hawakujua waziweke wapi. Kwa biashara ni jina zuri. Kwa mwalimu wa lugha ni jina baya, kwa kuwa linamruhusu msikilizaji kufurahia sauti bila kuuliza maneno.

Sasa tuingie katika kisa chenyewe. Huko Marekani, katika jimbo la Mississippi, alizaliwa mwaka 1897 mtu aitwaye Jimmie Rodgers. Alifanya kazi ya breki katika magari moshi mpaka kifua kikuu kilipomwondoa kazini, naye akashika gitaa. Mwaka 1927 aliimba kwa mara ya kwanza mbele ya mashine ya kunasa sauti, katika mji wa Bristol, na kwa muda mfupi akawa mashuhuri kwa mtindo wake wa kuirusha sauti ghafula kutoka nzito hadi nyembamba, kama mchungaji anayeitana na mwenziwe ng'ambo ya bonde. Alikufa mjini New York tarehe 26 Mei 1933, akiwa na umri wa miaka 35. Siku mbili kabla ya kufa alikuwa bado akiimba ili zitengenezwe santuri, na baina ya wimbo na wimbo alilazwa kitandani apumzike. Hakupata kukanyaga ardhi ya Afrika. Santuri zake ndizo zilizokuja, pamoja na gramafoni za kuzungusha kwa mkono, zikafika hata Kericho, nchi ya chai, na Wakipsigis wakamsikia.

Nao walimwita Chemirocha.

Hapa tunaomba tukae kidogo, maana hapa ndipo palipotunogea kuliko popote. Lugha ya Wakipsigis, pamoja na ndugu zake za Kikalenjin, haitofautishi maneno kwa sauti j na ch. Kwa hiyo «Jimmie» hakuwa na njia nyingine ila kuanza na ch, na ile j iliyojificha katikati ya «Rodgers» ikapata ch yake pia. Mkia wa jina ukakatwa, ikabaki a. Mtu anayecheka matamshi hayo na atazame kwanza nyumbani kwake. Sisi tuliochukua neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta, tukalifanya meli inayokwenda baharini, tuna haki gani ya kucheka? Tena tunadhani, na haya ni maoni yetu, kwamba yalitokea zaidi ya matamshi. Majina mengi ya Wakalenjin huanza na Che: Chebet, Chemutai, Chelangat. Huenda basi sikio la Mkipsigis halikusikia jina la mgeni hata kidogo. Lilisikia jina linalofanana na majina ya jirani. Ndivyo sikio letu lilivyosikia «ki» mwanzoni mwa kipilefti, likaona kuwa hiyo ni ngeli, likazaa vipilefti bila kumwomba Mwingereza ruhusa.

Mwaka 1950 alifika huko Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima tumbaku na kaka yake, akapenda nyimbo za wafanyakazi wa shamba, na umri wake wote uliobaki akautumia kuzinasa nyimbo za Kiafrika, kuanzia kusini mpaka huku kwetu. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mfululizo wake mmoja tu una santuri ndefu zipatazo 210. Kazi hiyo hatuwezi kuidharau. Pale Kapkatet alinasa nyimbo tatu zenye jina hilo la Chemirocha. Ya tatu ndiyo iliyopata sifa duniani: wasichana wa Kikipsigis, anayetajwa akiwa Chemutoi Ketienya, na kinubi ambacho wenyewe hukiita chepkong, ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na endongo ya hapa Uganda. Ni wimbo mfupi sana. Kinubi kinagonga kama moyo wa mtu aliyepanda mlima, na sauti za wasichana zinapanda juu yake, nyembamba, safi, hazina wasiwasi wowote.

Tracey aliandika kwamba katika wimbo huo Chemirocha amegeuka kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, na kwamba wasichana wanamhimiza acheze kwa kuruka hata nguo zimwanguke. Aliandika pia kuwa ni wimbo wa kuchekesha. Bahati mbaya, waliosimulia baada yake aghalabu walimchukua paa, wakauacha mzaha. Kisa kikakua kila kilipopita kinywani mwa mtu, mpaka wako waliosema kuwa kabila zima la Afrika lilimfanya mwimba santuri wa Marekani kuwa mungu.

Tulipouleta wimbo huo Jumamosi moja, alikuwapo mwalimu mwenzetu ambaye ni Msebei wa Kapchorwa. Lugha yake na ya Wakipsigis ni za ukoo mmoja, ingawa si moja. Akatuomba tuurudie mara tatu, huku ameinamisha kichwa.

«Maneno yote siyapati, ndugu zangu,» alisema. «Lakini hawa wasichana hawaombi dua. Hawa wanamtania mtu.»

Kisha akaongeza jambo ambalo sisi hatukulitambua: hasikiki msikilizaji hata mmoja. Utani, alisema, unataka mtaniwa na watazamaji, wa kucheka, wa kujibu, wa kuruka kweli. Hapo wasichana wanaimbia chombo kilichoshikwa na mgeni, na wimbo unapaswa kutosha katika upande mmoja wa santuri. Tukakumbuka mara moja kanda za Umm Kulthum wa Misri, ambaye kwa miaka mingi aliimba kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wake, na Redio Cairo ikatangaza. Katika kanda hizo za maonyesho ya hadhara wimbo mmoja unaweza kupita saa nzima, kwa sababu watu wanapiga kelele wakitaka ubeti urudiwe, naye anaurudia, kila mara kwa namna nyingine. Asiyejua Kiarabu hajui wanachofurahia, lakini anajua kwa yakini kwamba wanafurahia maneno. Santuri ya Kapkatet haikumpa msikilizaji wa mbali msaada huo. Ikamlazimu kutegemea karatasi ya maelezo, na karatasi haicheki.

Tuliuchukua wimbo huo darasani, kidato cha tatu, katika wiki tuliyokuwa tukifundisha tamathali za usemi. Kwa makusudi tuliwasimulia wanafunzi kisa kama kinavyosimuliwa duniani, paa na uungu wake, tuone watasema nini. Darasa lilicheka sana. Mmoja akasema kwa sauti kwamba watu wa milimani ndivyo walivyo. Nyuma ya darasa walikaa wanafunzi wanne kutoka Sebei, nao hawakucheka. Walitazama madaftari yao. Kisha msichana mmoja miongoni mwao akanyosha mkono.

«Samahani, mwalimu. Jana umetufundisha kwamba Waswahili wakimwita mtu simba, hiyo ni sitiari. Je, Waswahili wanaamini kwamba mtu huyo ana mkia?»

Kicheko kikakoma. Tukamwomba aendelee. Akasema kwamba mtu akiruka vizuri ngomani, kwao huweza kusifiwa kwa mnyama arukaye, na hakuna anayemtafuta kwato. Kama wasichana wa Kapkatet walikusudia hivyo hasa, sisi hatukuwapo. Lakini kwa hoja yake msichana huyo aliwapa haki ambayo santuri iliwanyima kwa miaka zaidi ya sitini, yaani haki ya kudhaniwa kuwa wanajua mzaha.

Katikati ya miaka ya 2010, maktaba ile ya Afrika Kusini, ikishirikiana na wanamuziki wa Nairobi, ilizirudisha nakala za nyimbo hizo kwa wenyewe, na huko Kipsigis walipatikana wazee wachache walionaswa sauti wakiwa vijana. Walijisikiliza. Kwa maoni yetu urejeshaji huo ulikuwa na faida kuliko santuri zote zilizouzwa Ulaya, si kwa sababu ya sauti, bali kwa kuwa hatimaye kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Sisi wa Uganda tunajua vizuri tofauti ya kuwa na sauti na kuwa na mtu. Tracey alinasa pia muziki wa ikulu ya Kabaka pale Mengo, pamoja na entenga, ngoma 15 zilizopangwa kwa sauti na kupigwa na watu sita kwa pamoja. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali liliishambulia ikulu hiyo. Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia ng'ambo, ngoma zikaangamia, wapigaji wakatawanyika. Ukabaka ulirudishwa mwaka 1993, na entenga bado ilikuwa kimya. Nakala za kunaswa zilikuwapo wakati wote huo, lakini hazikumfundisha mtu kupiga. Ilipofika miaka ya 2010 ndipo vijana walipojifunza tena, wakikaa karibu na mpigaji mmoja mzee aliyesalia, anayejua mkono upi huanza na nani humsubiri nani. Angalikufa miaka kumi mapema, tungebaki na nakala nzuri sana za kitu kisichowezekana.

Tangu somo lile la tamathali tumewapa wanafunzi zoezi ambalo wenzetu katika shule nyingine huenda wakapenda kulijaribu. Kila mmoja anakwenda nyumbani likizoni, anamwomba mzee wake wimbo mmoja, anaunasa kwa simu. Kazi inayopewa alama si hiyo ya kunasa. Anaandika jina la mwimbaji, mahali, siku, wimbo huimbwa lini na nani na mbele ya nani. Anaandika maneno kwa lugha ya nyumbani. Halafu anayatia katika Kiswahili, na pale anaposhindwa anaandika kwa nini ameshindwa. Katika darasa letu mna Wagisu, Wasebei, Waiteso, Wagwere, na wawili Waganda. Bila Kiswahili wasingeelezana chochote katika nyimbo hizo isipokuwa mapigo. Tumegundua kwamba kamusi haitoshi hata kidogo kwa kazi hii, na kwamba majadiliano makali kuliko yote huzuka juu ya vitu vidogo: je, huyu bibi anaposema «mtoto wangu» anambembeleza au anamkemea? Mwanafunzi aliyesikia sauti anajua. Sasa na atafute Kiswahili chake.

Kazi nyingi ni za kawaida, na mbili tatu zilinakiliwa kutoka kwa jirani wa dawati. Iliyotushika zaidi haina wimbo ndani yake. Mvulana mmoja wa Kigisu alimwendea bibi yake, akamwomba wimbo wa imbalu, yaani wa tohara. Bibi akamtazama yeye na simu yake. Imbalu huja katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na mwaka huo haukuwa wake.

«Mjukuu wangu,» alimwambia, «nikiuimba leo, nani atatahiriwa?»

Mvulana aliandika jina la bibi yake, kijiji, tarehe na saa. Mahali pa maneno ya wimbo aliacha ukurasa mzima mweupe, na chini yake akaandika kwa Kiswahili fasaha: «Wimbo huu haukunaswa. Sababu: si mwaka wake. Nimeambiwa nirudi mwakani, nije na miguu na siyo simu.» Tulimpa alama zote.